Kucheza Si Mshahara: Risala ya Vibarua wa Viwanja vya Ufukweni, Kata ya Ipyana

Ndugu Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mtendaji wa Kata, wazee wetu, mama zetu, na wewe Mzee tunayekufanyia kazi, uliyekuja ukijua kitakachosomwa:

Sisi ni vijana na akina mama wa Ipyana tunaotengeneza na kutunza viwanja vya michezo vya hoteli moja kando ya Ziwa Nyasa. Jina la hoteli hatukuliandika. Mwenyewe yupo, amekaa kiti cha mbele, anajijua. Tulikwisha kumwandikia yeye peke yake, bila kumshirikisha mtu, na barua zile hazikupata jibu. Ndiyo maana leo tumeomba kusikika mbele ya watu.

Kazi yetu wengi hawaijui, kwa hiyo tuieleze. Mgeni akishuka kwenye gari kutoka Mbeya au Dar es Salaam anakuta uwanja wa soka la ufukweni umenyooka kama shuka la kitanda cha harusi, nyavu zimefungwa, mchanga hauna hata kijiti. Anavua viatu, anaingia. Uwanja huo, kwa vipimo vya FIFA, una urefu wa mita 35 hadi 37 na upana wa mita 26 hadi 28, na mchanga wake unatakiwa kwenda chini sentimita 40 angalau. Ukizidisha unapata karibu mita za ujazo 390. Zote zimepita kwenye machepe yetu, zikapanda toroli, zikapita kwenye chekeche ya wavu wa kuku, kisha zikasambazwa kwa reki tulizozigongea misumari wenyewe. Vinavyobaki juu ya chekeche ni ndoano zenye kutu, mifupa ya mbasa, vipande vya chupa, mizizi iliyoletwa na mto, betri za tochi za wavuvi. Kila ndoano tunayoiokota pale ni mguu wa mtoto wa mtu uliopona, na hakuna aliyewahi kutuuliza tumeokota ngapi. Kando ya uwanja huo kuna viwanja viwili vya mpira wa wavu, vya mita 16 kwa 8. Kuna matuta ya kurukia baiskeli tunayoyashindilia kwa udongo wa kichuguu. Na kuna jukwaa la mirunda la kurukia majini, ambalo tutalirudia, maana ndilo lililotukusanya hapa.

Ingekuwa kazi ya kufanya mara moja ikaisha, tungenyamaza. Ziwa halikubali. Masika yakikolea, Kiwira, Mbaka na Lufilyo zinateremsha magogo, migomba mizima na matope, na vyote vinakuja kulala juu ya viwanja. Masika yakiondoka unaingia mwera. Upepo huo unavuma kutoka kusini, hasa kati ya Mei na Agosti, na ziwa hili lina urefu wa zaidi ya kilomita 550. Wimbi linaanza safari huko Malawi na Msumbiji, likifika huku kwetu kichwani halina pa kwenda, linapanda ufukweni. Usiku mmoja wa mwera unatosha kuchimba shimo la magoti mbele ya goli na kumwaga mchanga wa uwanja mzima upande wa pili. Wageni nao wanapenda miezi ya ukavu, kuanzia Juni. Kwa hiyo miezi ambayo ziwa linabomoa sana ndiyo ambayo hoteli inajaa sana, na sisi tunatakiwa tuwe tumeshafuta alama zote za usiku kabla mgeni hajanywa chai. Hapo ndipo ilipotoka zamu yetu ya saa kumi alfajiri, kwa tochi za kichwani ambazo kila mtu kajinunulia.

Saa hiyo hakuna gari la kututoa Ipyana. Gari la hoteli lipo, lakini hilo ni la kupokea wageni. Tunalala stoo, pamoja na nyavu na madumu ya mafuta ya jenereta, bila chandarua. Katika wilaya yenye mbu wa Kyela, Ndugu Mgeni Rasmi, jambo hilo halihitaji maelezo.

Sasa tufike kwenye lalamiko lenyewe, maana mengine yote yamezaliwa nalo. Tukiuliza habari ya hela tunajibiwa, "Nyie si mnacheza bure?" Wageni wakishatoka, jioni, tunaruhusiwa kuingia uwanjani, kuruka matuta kwa baiskeli za hoteli, kupiga mbizi. Ruhusa hiyo imepigiwa hesabu kama sehemu ya ujira. Ni kweli tunacheza, na tunacheza vizuri. Tanzania ilifika fainali za Afrika za soka la ufukweni kule Misri mwaka 2018, na miongoni mwetu wapo wanaolala na ndoto hiyo. Lakini dukani Ipyana hawapokei mabao. Karo haikubali mabao. Isitoshe, jioni ile tunayoambiwa tunacheza, nusu yake tunaipitisha tukisawazisha tena tulipokanyaga, kwa sababu asubuhi kazi ni ileile.

Kumbe jambo hili lina ndugu zake mbali. Katika nchi za theluji kuna vikosi vya kuchonga theluji usiku. Wanapanga vilima vya kurukia, wanaweka vyuma vya kutelezea, wanavijaribu kwa miili yao kabla wageni hawajaamka, na moja ya marupurupu yao yaliyozoeleka ni tiketi ya kuteleza bure msimu mzima. Huko Park City, jimbo la Utah, Marekani, wenzao walinzi wa miteremko, karibu 200, waligoma kuanzia tarehe 27 Desemba 2024, katikati ya sikukuu, hoteli zimejaa. Walirudi kazini mwezi Januari, kianzio chao kimepandishwa kutoka dola 21 hadi dola 23 kwa saa. Hatusomi habari hii kutishia mgomo. Tumeisoma ili Mzee ajue kwamba hata wanaoipenda kazi yao kiasi cha kuifanya kwenye barafu hufika mahali wakauliza mshahara, wala mapenzi yao hayapungui kwa kuuliza.

Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Wazee waliokaa hapa wanakumbuka habari za baba zao waliokwenda Lupa kule Chunya kutafuta dhahabu, na wengine waliochukuliwa na Wenela, shirika la kuajiri wachimbaji, kwenda kuchimba migodi ya Afrika Kusini. Ile ilikuwa kazi ya kikoloni, yenye mateso yake, na hakuna anayetaka irudi. Hata hivyo, aliyechukuliwa na Wenela alipewa mkataba wenye muda, wenye ujira uliotajwa. Mjukuu wake, katika nchi huru, kwenye ufukwe wa kwao, hana hata kikaratasi. Jina lake liko kwenye daftari la msimamizi, limeandikwa kwa penseli.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi: kazi gani, wapi, saa ngapi, ujira kiasi gani. Tumejibiwa kwamba sisi ni wa msimu, na sheria hiyo ni ya watu wa ofisini. Tumeisoma. Tena sheria hiyohiyo imemtaja mfanyakazi wa msimu kwa kumtaja hasa, ikasema ana haki ya likizo yenye malipo. Inasema wiki ya kazi isizidi saa 45, na siku isizidi saa tisa. Inasema saa za ziada zilipwe mara moja na nusu, sikukuu mara mbili, na kwamba kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni usiku, una nyongeza yake isiyopungua asilimia tano. Saa zetu mbili za kwanza kila siku ni za usiku, na nyongeza hiyo hatujawahi kuiona. Tunadai mikataba ya maandishi kwa Kiswahili, kila mmoja abaki na nakala yake nyumbani. Ujira utajwe kwa shilingi, usipungue kima cha chini kilichotangazwa na Serikali kwa kazi za hoteli, na bango la kima hicho libandikwe mlangoni mwa stoo tunakoliona wote. Habari ya kucheza iondolewe kabisa kwenye hesabu. Mzee akitaka kuendelea kuturuhusu kucheza, tutashukuru. Akitaka kufuta ruhusa hiyo, afute. Mshahara ubaki mshahara.

Kuhusu makato hatutasema mengi. Mpira ukichukuliwa na ziwa unakatwa kwetu. Mpini wa chepe ukivunjika unakatwa kwetu. Mgeni mmoja alivunja wavu kwa kuning'inia, akapigwa picha akicheka, na wavu ule uligawanywa kwa majina yaliyokuwa zamu. Sheria inasema kitu kikiharibika mfanyakazi asikatwe mpaka ithibitike kosa ni lake, awe amesikilizwa, na makato yasizidi robo ya ujira. Tunadai yasimame kuanzia leo, na yaliyopita yapigiwe hesabu kwenye daftari, mbele yetu.

Mama zetu wanaobeba mchanga kwa ndoo kichwani wanalipwa chini ya vijana wanaosukuma toroli. Walipouliza waliambiwa toroli ni mashine. Tulicheka siku ile, kisha tukaona haichekeshi: ndoo ndiyo inayofika mahali ambapo gurudumu linazama, na sehemu hizo ndizo zenye shida. Tunadai ujira mmoja kwa kazi moja. Katika hili vijana wote tumekubaliana kutotia saini mkataba wowote ambao mama hawamo.

Ndugu Mgeni Rasmi, jukwaa.

Lina urefu wa ghorofa moja, limejengwa kwa mirunda, limesimama pale ufukwe unapoanza kuzama. Kila asubuhi ya msimu agizo ni moja: aruke kibarua kwanza, wageni baadaye. Kwa lugha ya hotelini tunaambiwa tunalijaribu. Siku ya tukio, mwenzetu mmoja, ambaye jina lake tumelihifadhi kwa ombi la mama yake, alipanda kama kawaida. Usiku ule mwera ulikuwa umesukuma fungu la mchanga hadi chini ya jukwaa. Jana yake palikuwa na maji ya kumfunika mtu mzima aliyenyoosha mkono. Asubuhi ile yalikuwa ya kiunoni, na kwa kuwa mto ulikuwa umeyachafua, ukitazama toka juu huoni tofauti. Aliruka kwa miguu. Angetanguliza kichwa, leo tungekuwa tunasoma risala ya namna nyingine. Kisigino kimoja kilipasuka, na kifundo cha mguu wa pili kikageuka. Alipelekwa hospitali kwa bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na mwenzetu aliyemshika, miguu inaning'inia, kwa sababu gari la hoteli lilikuwa limekwenda kupokea wageni. Dawa tulichanga. Ujira wa siku ile alilipwa nusu, kwa maelezo kwamba hakumaliza zamu. Hadi sasa anatembea na fimbo, na msimu wa mpunga umempita akiwa amekaa barazani akiwafukuzia ndege watoto wa wenzake.

Fundi yeyote wa mitumbwi angeweza kutuambia namna ya kuzuia jambo lile. Unachukua upondo, unachora alama kila nusu mita kwa rangi, unaingia na mtumbwi, unapima chini ya jukwaa na kuzunguka, unaandika. Haigharimu kitu zaidi ya mrunda mmoja na kopo dogo la rangi. Tunadai kipimo hicho kifanyike kila alfajiri, na tena baada ya kila upepo mkali au mafuriko ya mto. Tunadai mtu asiruke, awe kibarua au mgeni, kabla kina hakijaandikwa ubaoni. Na hapa kuna jambo ambalo tunajua litakuwa gumu kwa Mzee kuliko fedha: tunadai kiongozi wa zamu awe na mamlaka ya kulifunga jukwaa, na likifungwa na yeye, meneja asilifungue kwa sababu mgeni amenuna. Tunaomba vilevile kamba na maboya, sanduku la huduma ya kwanza lenye vitu ndani yake, na gari libaki hotelini saa za kuruka. Midomo ya mito ina mamba, wenyeji wote wanajua, na bado tunatumwa kuvuta magogo kwenye mdomo wa mto kukiwa giza. Kazi hiyo ifanyike jua likiwa limetoka, watu wasipungue wanne, mmoja akiwa mlinzi asiyeshika gogo.

Kwa mwenzetu tunadai gharama zake zirudishwe na ujira wake wa siku zote alizokaa nyumbani ulipwe. Ipo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, upo na Mfuko wa Fidia, WCF, ambao mwajiri anauchangia na mfanyakazi hachangii hata senti. Mchango ni nusu asilimia ya mishahara. Kwa kila shilingi 100,000 ni shilingi 500, yaani haifiki bei ya soda anayoagiza mgeni akitoka majini. Tulipouliza kama tumeandikishwa, meneja alisema atauliza. Mzee, tunakuuliza wewe: tumeandikishwa? Na kama hatujaandikishwa, ni kwa sababu ya hizo mia tano?

Kuna na kichocho. Ziwa hili linasifika kwa usafi wake, na kwingi ni safi kweli, ila kwenye maji yaliyotulia yenye magugu, karibu na midomo ya mito, konokono wa kichocho wapo na sisi tunasimama humo kutwa. Tunaomba tupimwe mwanzoni na mwishoni mwa msimu, na dawa za atakayekutwa nacho zilipwe na hoteli.

Jambo la matete ni la aibu kidogo kulisema hadharani, lakini lisipotajwa leo litatuangukia kesho. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za binadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Tunaagizwa kufyeka matete na kuchota mchanga ndani ya eneo hilo ili mandhari yafunguke. Matete ndiyo yanayoshika ukingo mwera ukija, na samaki wanazalia humo. Wavuvi wa Ipyana wametugombeza kwa haki. Maofisa wakifika, mwenye agizo yuko ofisini na mwenye panga yuko majini. Tunadai agizo lolote la kugusa ukingo lije kwa maandishi, na kibali kionyeshwe kabla hatujanyanyua chepe. Bila hivyo hatufyeki.

Tusieleweke kwamba tunaichukia hoteli. Tangu barabara ya Kikusya, Ipinda hadi Matema ilipopigwa lami, ufukwe huu umepata wageni ambao baba zetu hawakuwaona, na Mzee ni miongoni mwa waliothubutu kuweka fedha yao hapa wakati wengine wanaangalia. Mchele wetu unanunuliwa, mbasa wananunuliwa, vyungu vya Wakisi wa Ikombe vinapata wateja wapya. Tunataka viwanja hivi viwe bora kuliko vyote vya ziwa hili, na tunajua namna ya kuvifanya hivyo. Mkulima wa kakao wa hapahapa Kyela akipeleka mzigo ghalani, kilo zinapimwa mbele ya macho yake na anaondoka na stakabadhi. Sisi tunaomba kipimo cha namna hiyo kwa jasho letu.

Kwako Ndugu Mgeni Rasmi tuna ombi moja. Umtume Afisa Kazi ufukweni, lakini asije saa nne, saa ya chai na viti vya kivuli. Aje saa kumi alfajiri, bila taarifa, na tochi yake.

Kwa Mzee: tunaomba majibu ya maandishi, kwa kila dai, ndani ya siku 14, yapitie ofisi ya Mtendaji wa Kata ili kila mtu ayasome. Tuko tayari kukaa mezani siku yoyote baada ya zamu. Wawakilishi wetu ni watano, wawili ni akina mama, na tumeanza mazungumzo na CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa mahoteli, watuongoze katika kujiunga. Siku hizo zikipita kimya, tutapeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, Mbeya, ambako malalamiko ya namna hii yana muda wa siku 60. Tumesikia pia maneno ya pembeni, kwamba waliotia kidole kwenye karatasi hii hawataitwa msimu ujao. Shauri la kuachishwa kazi muda wake ni siku 30, nao tumeuandika ukutani stooni, juu ya nyavu, kwa chaki.

Tunaomba kuwasilisha.

Vibarua wa viwanja vya ufukweni, Kata ya Ipyana, Wilaya ya Kyela

Nakala: Afisa Kazi, Mkoa wa Mbeya; CHODAWU, Mbeya; Ofisi ya Mtendaji wa Kata, Ipyana; mlango wa stoo